Maswali ya wasomaji: Vidonda vya chuchu, maziwa ya kukamua na bibi mwenye kikombe cha maji

Safu hii inajibiwa na wauguzi wakunga wawili na afisa lishe mmoja. Maswali ya mwezi huu yote ni ya kunyonyesha, mengi yametoka Dodoma na wilaya zake, machache Singida. Majina tumeyaacha na barua ndefu tumezifupisha.

Nimejifungua mtoto wa kwanza, leo ana siku nne. Chuchu zote mbili zimechanika, ya kushoto inatoa damu. Anakaa kwenye ziwa dakika 40, nikimtoa analia tena. Mama mkwe anasema maziwa hayajashuka, tumpe maji ya sukari kidogo. Nifanyeje?
Mama wa Nkuhungu, Dodoma

Hongera kwa mtoto, dada, na pole kwa maumivu. Vidonda vyako na kilio cha mtoto vina chanzo kimoja: anashika chuchu tupu badala ya kushika titi. Chuchu ikiishia mbele ya kinywa, ulimi unaisugua kwenye kaakaa gumu kila anapovuta, na mirija iliyo nyuma ya ule weusi unaozunguka chuchu haibanwi vya kutosha kutoa maziwa. Wewe unachanika, yeye anabaki na njaa. Akishika vizuri, chuchu inafika nyuma kwenye kaakaa laini na hakuna kinachoisugua.

Atakapotaka kunyonya tena, kaa mgongo ukiwa umeegemea, miguu imekanyaga chini au kwenye kigoda. Mgeuze mtoto mwili mzima, tumbo lake ligusane na lako. Akilala chali na kugeuza shingo peke yake, hawezi kumeza vizuri. Jaribu mwenyewe kunywa maji ukiwa umetazama begani. Mshike shingoni na mabegani, kichwa usikisukume. Pua yake iwe mkabala wa chuchu. Sasa mguse mdomo wa juu kwa chuchu, kisha subiri. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Subiri mpaka aachame kabisa, ndipo umvute yeye kwenye titi haraka, kidevu kikitangulia. Usiinamishe titi kumfuata, utaishia na maumivu ya mgongo na mtoto aliyeshika ncha.

Akishashika, tazama mambo manne: kinywa kimeachama sana, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi unaoonekana juu ya mdomo wake ni mwingi kuliko ulio chini. Sikiliza pia. Mwanzoni anavuta harakaharaka, kisha taratibu kwa kina, na unasikia anameza. Mashavu yanayobonyea ndani au mlio wa ulimi ni dalili kwamba hajashika sawasawa. Maumivu ya sekunde chache za mwanzo katika siku hizi yanaweza kutokea. Yakiendelea kupita dakika moja, ingiza kidole chako kidogo kisafi pembeni ya mdomo wake kuachilia mvuto, mtoe, uanze upya. Ukilazimika kuanza mara tano, anza mara tano.

Leo ni siku ya nne, kwa hiyo huenda matiti yamejaa na kukaza kiasi kwamba hakuna pa kushika. Bonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka chuchu, ukielekeza kifuani, kwa dakika moja. Uvimbe unarudi nyuma na weusi unalainika. Ukitaka, kamua kidogo kwanza.

Anza na titi lenye nafuu. Ukimaliza, pakaza matone ya maziwa yako kwenye kidonda, acha yakauke. Usioshe chuchu kwa sabuni wala usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia au spiriti. Likishindikana kabisa kwa uchungu, kamua titi hilo kwa mkono kila baada ya saa 2 hadi 3 na umpe kwa kikombe kidogo. Damu kidogo ndani ya maziwa haimdhuru.

Kuhusu maji ya sukari, mwambie mama kwa heshima kwamba mtoto akishiba maji atanyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza. Dang'a, yale maziwa ya njano ya siku za mwanzo, hutoka kidogo kwa sababu tumbo la mtoto mchanga ni dogo: katika siku ya kwanza mililita 5 hadi 7 kwa mlo zinatosha. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa aliyefanyiwa upasuaji yanaweza kuchelewa zaidi.

Kisha nenda kliniki. Kwa utaratibu wetu mama na mtoto huangaliwa ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42, ila usingoje siku ya 7. Ukifika usikubali kupewa maelezo ya mdomo tu: mwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha mwanzo mpaka mwisho. Dakika 20 za kutazamwa zina faida kuliko mabango yote ya ukutani.

Likizo yangu ya uzazi inaisha mwezi ujao. Nafanya kazi Mtumba, naishi Area D. Natoka saa 12:30 asubuhi, narudi saa 11 jioni. Mtoto atakuwa na miezi mitatu kasoro, anayebaki naye ni dada wa kazi. Nataka afikishe miezi sita bila maziwa ya kopo. Inawezekana?
Mtumishi, Dodoma

Inawezekana, ila anza maandalizi wiki mbili kabla. Tuanze na sheria, maana watumishi wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inatoa likizo ya siku 84 yenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Mwandikie afisa utumishi barua kabla ya kurudi, uambatishe nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kutoka Mtumba hadi Area D na kurudi mchana ni kazi bure, saa 2 zote zitaishia njiani. Afadhali uombe kutoka kazini mapema, saa 2 kabla ya muda wa kawaida. Na kama kuna jirani wa Ihumwa au Mtumba kwenyewe anayeaminika kubaki na mtoto, fikiria hilo pia, kwa sababu mtoto aliye karibu ni bora kuliko friji.

Hesabu ya maziwa ni hii. Mtoto wa umri huo anayenyonya tu hutumia takriban mililita 30 kwa kila saa ambayo haupo. Saa 10 na nusu ni kama mililita 315. Gawa katika milo minne ya mililita 80. Usimwachie dada nusu lita ukidhani unamtendea wema. Atammiminia yote, na jioni mtoto hatataka ziwa.

Kukamua kwa mkono kunatosha. Nawa kwa sabuni. Kaa, inamia mbele kidogo, chombo cha mdomo mpana chini ya titi. Weka dole gumba juu na kidole cha shahada chini, kama sentimita 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma vidole nyuma kuelekea kifuani, kisha vibane pamoja, achia, rudia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Vikiteleza utachubuka na hupati kitu. Dakika ya kwanza inaweza kutoka tupu, usikate tamaa. Kamua upande mmoja dakika 3 hadi 5 mpaka mtiririko upungue, hamia wa pili, rudi wa kwanza ukizungusha vidole. Yote yachukue dakika 20 hadi 30. Pampu ya mkono ni sawa kama unaweza kuifungua kila kipande ukakichemsha. Ile ya bei rahisi yenye mpira wa kubonyeza kama honi ya baiskeli achana nayo: maziwa huingia ndani ya mpira, hayasafishiki, na inaumiza chuchu.

Ukiwa kazini kamua kila baada ya saa 3, tuseme saa 3:30, saa 6:30 na saa 9:30. Wanaokamua mara moja tu mchana hurudi baada ya wiki mbili wakisema maziwa yamekauka. Hayakukauka ghafla, titi lililokaa limejaa kwa saa nyingi hupokea ishara ya kupunguza.

Kuhifadhi ndipo Dodoma inapotofautiana na kwingine. Ushauri uliozoeleka kliniki ni saa 8 nje ya friji, nao unafaa mahali penye ubaridi. Ofisi isiyo na kiyoyozi mwezi wa Oktoba tunaihesabia saa 4, basi. Beba kiboksi cha ubaridi chenye barafu zilizoganda kabisa, humo yanakaa hadi saa 24. Kwenye friji ya nyumbani yaweke nyuma, si mlangoni, na yatumike ndani ya siku 3. Kisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja kinatunza wiki 2. Friza yenye mlango wake, hadi miezi 6. Umeme ukikatika usifungue friji. Yaliyoyeyuka kabisa hayagandishwi tena. Andika tarehe na saa kwenye kila chombo, na usichanganye maziwa ya moto ya sasa na yaliyokwisha poa.

Mfundishe dada kuyapasha kwa kusimamisha chombo ndani ya bakuli la maji ya moto. Si jikoni, si kwenye maikrowevu, ambayo hupasha sehemu moja ikaunguza kinywa. Mafuta yakielea juu, atikise taratibu. Kisha ampe kwa kikombe: mtoto akiwa amekaa wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni na mtoto ayalambe mwenyewe. Asimmiminie, atapaliwa. Yaliyobaki kwenye kikombe baada ya saa 2 yamwagwe. Chupa ya chuchu hatuipendi kwa sababu ni ngumu kuisafisha, na wapo watoto wanaoizoea wakakataa ziwa.

Usiku mnyonyeshe bila hesabu. Wengi wa watoto wa akina mama wanaofanya kazi hulipiza usiku, na hiyo ndiyo inayolinda maziwa yako.

Mke wangu ana mtoto wa wiki tano. Kila jioni kuanzia saa 12 analia mpaka saa 3 usiku, anataka ziwa kila dakika. Ndugu wanasema maziwa ya mama ni mepesi. Wengine wanasema ni kimeo, akakatwe. Nimeshanunua gripu (dawa ya gesi tumboni).
Baba, Kongwa

Baba, tunashukuru umeuliza kabla ya kumpeleka kwa mkata kimeo. Kukata kimeo hakutibu kilio, kikohozi wala kukataa ziwa. Kunaleta damu kuvuja, maambukizi na pepopunda. Wembe huo usimguse.

Kilio cha jioni kwa mtoto wa wiki tano ni cha kawaida. Huongezeka kuanzia wiki ya pili hivi, hufika kilele karibu na wiki ya sita na hupungua kuelekea miezi mitatu au minne. Kunyonya mfululizo jioni nako ni kawaida. Maziwa ya jioni huwa machache kwa mkupuo kuliko ya alfajiri, hivyo anachukua kidogo kidogo mara nyingi. Maziwa ya mama yeyote huonekana mepesi na ya samawati mwanzoni mwa kunyonya, na mazito yenye mafuta kadiri titi linavyoisha. Kwa hiyo amalize titi moja kwanza, aliache mwenyewe, ndipo apewe la pili.

Usipime maziwa kwa kilio. Pima kwa mkojo na mizani. Kuanzia siku ya tano mtoto anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo mwepesi usio na rangi kali. Angalia kadi ya kliniki: alitakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili, na tangu hapo anaongeza si chini ya gramu 500 kwa mwezi. Kama mkojo na uzito viko hivyo, maziwa yanatosha hata alie namna gani. Kama uzito umesimama, tatizo ni la kweli: mama aende na mtoto, atazamwe akinyonyesha, na mtoto achunguzwe. Nenda siku hiyohiyo kama ana homa, anatapika kijani, analala bila kuamka kunyonya, au anapumua mara 60 na zaidi kwa dakika.

Gripu iweke kabatini, chini ya miezi sita hahitaji. Kazi yako iwe hii: saa 12 jioni mpokee mtoto, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, tembea naye uani, mama ale na apumzike nusu saa. Choo kisikutishe. Baada ya wiki sita mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, kisha kikatoka laini.

Joto la huku ni kali. Mjukuu ana miezi miwili, midomo inamkauka. Nimezuiwa kumpa maji. Sisi tuliwalea hawa hawa kwa maji.
Bibi, Bahi

Shikamoo bibi. Maziwa ya mama ni maji kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 88, na yale ya mwanzo wa kunyonya ndiyo mepesi zaidi. Siku za joto mtoto anyonye mara nyingi zaidi, hata kwa dakika tano tano; huko ndiko kunywa kwake maji. Kumpa maji ya kisima au ya ndoo ni kumfungulia mlango wa kuhara, na hata yaliyochemshwa yanachukua nafasi ya chakula tumboni. Anayehitaji maji ni mama yake: mwekee kikombe kila anapokaa kunyonyesha. Mtoto mvue soksi na kofia mchana.

Titi la kulia lina sehemu ngumu, nyekundu, yenye moto. Jana usiku nilitetemeka kwa homa. Mama ananikanda kwa maji ya moto na kulisugua mpaka nalia. Nimeacha kumnyonyesha upande huo nikiogopa maziwa mabovu.
Mama, Kibaigwa

Hayo ni maambukizi au uvimbe wa titi, na mambo mawili mnayoyafanya yanauzidisha. Tulizoea wote kufundisha kukanda kwa moto na kusugua kwa nguvu. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine uliachana na hilo: tatizo kubwa ni tishu zilizovimba na kuibana mirija, na kusugua kunaumiza tishu hizo zikavimba zaidi. Moto mkali nao huongeza damu na uvimbe. Tumia ubaridi: kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 10 hadi 15, kila baada ya saa moja au mbili. Ukitaka kugusa, papasa tu kutoka kwenye titi kuelekea kwapani kwa uzito wa kupaka losheni. Mama usimgombeze, mpe kazi ya kubadilisha vitambaa.

Mtoto aendelee kunyonya titi hilo. Maziwa si mabovu kwake. Yanaweza kuwa na chumvi kidogo, na watoto wengine hukunja uso. Usikamue kupita kiasi kwa nia ya kulimaliza, kwa kuwa titi hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Paracetamol gramu 1 (vidonge 2 vya miligramu 500) kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Au ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya kula kama huna vidonda vya tumbo.

Homa ikiendelea au wekundu usipopungua ndani ya saa 24, nenda kituo cha afya ukapewe antibayotiki. Wewe umeshatetemeka, kwa hiyo nenda leo. Dozi ya kawaida ni siku 10 na zaidi, na nafuu ya siku ya tatu isikufanye uache. Ukisikia bonge linalobonyea, lenye maumivu yasiyokoma, huenda ni jipu. Hilo hutolewa usaha kwa sindano au kupasuliwa hospitalini, na bado unaweza kunyonyesha. Ukipona, rudi uangaliwe mtoto anavyoshika. Titi linalopatwa mara mbili mahali palepale lina sababu: sidiria inayobana, mkao uleule, au mtoto asiyelimaliza upande huo.

Mwanangu ni njiti, alizaliwa wiki ya 33 na kilo 1.7. Ana siku nne, analishwa kwa mpira mililita 25 kila saa 3. Nakamua mara tano kwa siku, napata mililita 15 au 20. Wauguzi wanasema niongeze lakini hawasemi namna gani.
Mama, Mpwapwa

Kwanza hesabu, ujue wanakotoa 25. Mtoto wa chini ya kilo 2.5 huanza na mililita 60 kwa kila kilo siku ya kwanza, zinaongezwa 20 kila siku. Siku ya nne ni 120. Zidisha kwa 1.7 unapata 204, gawa kwa milo 8, ni 25 na nusu. Kesho ataongezwa, ndiyo maana wanakuhimiza.

Mara tano hazitoshi. Kamua mara 8 na zaidi kwa saa 24, angalau mara moja kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, wakati homoni ya maziwa iko juu. Usipitishe saa 4 au 5 bila kukamua, hata kama yanatoka matone. Kinachopimwa wiki hii ni idadi ya mara, mililita zitafuata. Kamua ukiwa umekaa karibu naye, au mara tu baada ya kumtoa kifuani.

Kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, yenyewe huongeza maziwa. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, asimame wima katikati ya matiti, kichwa kimegeukia upande, miguu imekunjwa kama chura. Funga kitenge kuanzia chini ya sikio lake mpaka chini ya makalio, kibane kiasi cha asiteleze ukisimama. Lenga saa 8 kwa siku kwenda juu, na kadiri inavyokaribia 24 ndivyo bora. Baba na bibi wanaweza kupokezana nawe. Usiku wa Juni na Julai wilayani kwenu una baridi ya kweli, ongeza blanketi juu ya kitenge.

Mruhusu alambe chuchu sasa hivi, titi likiwa limekamuliwa. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukamilika kwa wengi karibu na wiki ya 34, hivyo kikombe na titi viko karibu.

Chuchu moja imedidimia ndani. Mjamzito wa miezi minane. Nianze kuivuta?
Chamwino

Usiivute sasa, haisaidii. Nyingi hutokeza zenyewe, na mtoto hunyonya titi, si chuchu. Ikikataa baada ya kujifungua, chukua bomba jipya la sindano la mililita 20 (10 kama chuchu ni ndogo), bila sindano. Kata upande unaofungwa sindano, chomoa kisukumio na ukiingize kwa upande uliokatwa. Upande laini, ule ambao haukuguswa na wembe, uweke juu ya chuchu. Vuta kisukumio taratibu wewe mwenyewe, shikilia sekunde 30 hadi 60, kisha sukuma kidogo kuachilia kabla ya kuondoa. Fanya kabla tu ya kumweka mtoto. Ukiumia umevuta sana.

Naishi na virusi vya ukimwi, natumia dawa. Jirani ambaye ni muuguzi mstaafu anasema nisinyonyeshe kabisa.
Manyoni

Ushauri huo ni wa zamani. Unapomeza dawa kila siku na virusi vimefubazwa, nyonyesha bila kuchanganya chochote kwa miezi 6, kisha endelea na vyakula vya nyongeza angalau hadi mwaka mmoja, na hata miaka 2 kama unazingatia dawa. Mtoto apewe nevirapini ya maji tangu kuzaliwa, wiki 6 au zaidi kwa maelekezo ya kliniki, na apimwe wiki ya 4 hadi 6, miezi 9, na tena miezi 3 baada ya kuacha kunyonya, isiwe kabla ya miezi 18. Chuchu ikichanika au titi likiota jipu, upande huo pumzisha, ukamue na kumwaga, nyonyesha mwingine, uende kliniki siku hiyo. Ukisahau dawa siku kadhaa waambie CTC (kliniki unakochukua dawa) bila kuficha, wapime wingi wa virusi. Kuacha ghafla kwa hofu ndiko tunakokuogopa.

Mtoto ana miezi 11 na nimegundua nina mimba ya miezi miwili. Mama mdogo anasema nimembemenda mtoto, nimwachishe leo maziwa yasimdhuru. Tayari ameanza kukonda.
Kondoa

Maziwa ya mjamzito hayana sumu, na tendo la ndoa haliharibu maziwa. Lakini wazee hawakuona uongo. Waliona mtoto akidhoofu mama akishika mimba, na wanadhoofu kweli, kwa sababu mbili: mimba hupunguza maziwa, na hofu ya kubemenda humfanya mama amwachishe ghafla mtoto ambaye bado analishwa uji mtupu. Hapo ndipo utapiamlo huingia.

Kwa hiyo endelea kunyonyesha, na uongeze chakula. Miezi 11 anahitaji milo 3 hadi 4 na asusa 1 au 2, kila mlo nusu ya kikombe cha mililita 250. Uji wa uwele au mtama uwe mzito, usimwagike haraka ukiinamisha kijiko, utiwe kijiko cha karanga zilizosagwa au maziwa. Ugali na mlenda viongezwe dagaa waliotwangwa, yai au maharage yaliyopondwa. Mpeleke apimwe uzito na mzunguko wa mkono wiki hii. Mkono chini ya sentimita 12.5 unahitaji huduma ya lishe, chini ya 11.5 ni hatari. Wewe nawe ongeza mlo mmoja kwa siku na vidonge vya madini chuma vya kliniki. Ukitoka damu, ukipata uchungu, au uliwahi kujifungua kabla ya wakati, muone mkunga kabla ya kuendelea kunyonyesha.

Niko zahanati, Chemba. Siku ya kliniki nina foleni ya akina mama 40 na tupo wawili. Nitamtazama nani dakika 20 akinyonyesha?
Muuguzi mkunga

Si wote 40. Panga benchi la wenye watoto chini ya wiki 6 mahali unapopita kwenda kwenye mizani, na waambie wanyonyeshe wakisubiri. Ukipita, angalia kidevu, mdomo wa chini na mashavu: sekunde 10 kwa kila mmoja. Wengi watakuwa sawa. Vuta pembeni yule anayekunja uso mtoto anaposhika, ambaye mtoto hajarudia uzito wa kuzaliwa kwa wiki mbili, na anayebeba chupa kwenye mkoba. Hao hawatazidi watano au sita. Uliza swali la wazi, kwa mfano "Usiku anakunyonya vipi?", kwa kuwa ukiuliza "Unanyonyesha vizuri?" wote watajibu ndiyo. Weka mikono nyuma, mama amweke mtoto mwenyewe; ukimshikia wewe, akifika nyumbani hawezi. Mwonyeshe kwa mwanasesere au kitenge kilichokunjwa. Mwandikie kwenye kadi tarehe ya kurudi baada ya siku 2 au 3, na mpe mhudumu wa afya wa kijiji chake jina la kitongoji ili ampitie.